Nikiacha kuosha kichwa kila asubuhi si ntanuka?

Anti, shikamoo. Kama nimekuzidi umri basi unisamehe, marahaba yako ntaipokea siku nyingine.

Mimi ni mama wa miaka 58, niko Tanga mjini, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi nimestaafu kwa hiari miaka mitatu iliyopita. Hedhi nayo ilikoma mwaka mmoja kabla ya hapo kwa hiyo unaweza kusema vyote viwili viliniaga kwa mpigo. Nacheka ila siyo cha kuchekesha.

Tangu hapo usiku najiwa na joto, yaani kama mtu kanipulizia jiko la mkaa kifuani, linapanda mpaka utosini, naamka mto umelowa chapachapa, feni inazunguka, mzee wangu kajikunyata na shuka analalamika baridi na mimi pembeni yake navuja jasho. Sasa asubuhi siwezi kuvaa mtandio juu ya kichwa cha jasho, kwa hiyo kila siku nikishaswali alfajiri naosha nywele. Kila siku Anti. Naosha na sabuni ya mche, hiyohiyo ya kufulia, maana mama yetu ndo alituosha nayo na nywele zake zilimfika mabegani mpaka anaondoka duniani. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, ya bomba yanakuja siku yakitaka. Nikimaliza nabana, nafunga mtandio, natoka, kuna watoto wa tuisheni wananisubiri barazani saa moja na nusu.

Sa hizi nywele zimekuwa kama makumbi ya nazi. Nikipitisha kitana nasikia kabisa zinavyokatika, tap tap tap. Na utosini pametokea uwazi, ulianza mdogo sasa hivi umefika kama sarafu ya mia mbili, panawasha na siku nyingine panachoma kama nimepaka pilipili.

Mvi nazifunika na piko kila mwezi. Mwezi uliopita nilipopaka, siku ya pili paji la uso likavimba, masikio yakawa yanatoa maji, nikameza vidonge vya aleji nikajifungia ndani mpaka pakatulia. Sijamwambia mtu, nakwambia wewe.

Binti yangu anaishi Muscat na mumewe, ananitumia shampuu chupa kubwa na kondishina yake, ananiambia "Mama osha mara moja kwa wiki, kila siku unaziua." Mara moja kwa wiki! Mimi niliyekuwa nakagua vichwa vya watoto mstarini kila Jumatatu asubuhi na mwenye kichwa kichafu namrudisha kwao! Ntakaaje na kichwa cha siku saba? Chupa zake zipo kabatini zimejipanga kama mapambo.

Na kuna uso. Mwenzangu mmoja wa kwenye vikoba aliniuzia krimu, kikopo cheupe hakina hata karatasi, akasema hii inaondoa madoa ya uzee. Kweli madoa yakaondoka, nikang'aa watu wakaniuliza. Lakini sasa nikipigwa na jua uso unawaka, mashavuni naona vimishipa vyekundu, na nikiacha siku mbili tu vipele vinatoka najikuta nairudia. Miguu ndo usiseme, imepauka imekuwa na magamba kama samaki changu, naisugua na jiwe kila siku inazidi tu.

Ila swali langu ni lile la kichwa. Nikiacha kuosha kila siku si ntanuka? Na swala je? Mana hata sasa hivi ninavyoosha kila siku mzee juzi kaniambia eti nanuka kama nguo mbichi. Nililia Anti. Mtu naosha kila siku halafu nanuka.

Mwalimu wa Makumbi, Tanga

*

Marahaba mwalimu, marahaba kabisa, nimekuzidi miaka mitatu na mvi zangu ziko nje zinapunga upepo. Saluni nimekaa nayo miaka 26 Magomeni kabla magoti hayajaniambia kaa chini, kwa hiyo vichwa kama chako nimevishika vingi sana, na nyingi ya hizo nywele zilikuja zikiwa na kosa hilohilo lako, siyo uchafu, ni usafi uliopitiliza.

Hapohapo kwenye kauli ya mzee ndo pana jibu lako. Nguo mbichi. Hebu fikiria, nguo mbichi inanukaje? Ni ile uliyofua ikakosa kukauka ukaikunja. Na wewe kila asubuhi unaosha, unabana mbichi, unafunga mtandio, unakaa nayo barazani mpaka adhuhuri na joto la Tanga. Kichwa kilichofunikwa na maji ndani ni kama kapu la nguo za juzi, vijidudu vya ngozi vinapenda unyevu na joto na hapo umewapa vyote viwili. Harufu unayoikimbia ndo hiyo unayoitengeneza kila alfajiri. Kwa hiyo hapana, hutanuka ukiacha, utaacha kunuka. Mzee amekosea namna ya kusema ila pua yake haijakosea, mwambie nimesema.

Sasa nikueleze kichwani kwako kumetokea nini mana naona unapigana na adui aliyeshaondoka.

Kichwa kinatoa mafuta yake chenyewe, kila unywele umeota kwenye kitundu na pembeni ya kitundu kuna kitezi kinatoa mafuta. Ulipokuwa msichana vile vitezi vilifanya kazi sana. Hedhi ikikoma homoni zinashuka na mafuta yanapungua, ya kichwani na ya mwilini pia, ndo mana kichwa kimekuwa makumbi na miguu imekuwa changu, hayo siyo magonjwa mawili, ni bomba moja limepunguza maji. Ongeza na nywele zetu hizi za kipilipili, zimejikunja, kwa hiyo hata hayo mafuta machache yanabaki shinani hayafiki nchani, siyo kama nywele za Mhindi ambazo yanateleza tu mpaka chini. Na mvi nazo zina tabia yake, nyingi zinakuwa ngumu na kavu kuliko zile nyeusi zilizokuwa hapohapo. Kichwa cha namna hiyo ukikiosha kila siku unakomba kisichokuwepo. Madaktari wa ngozi wa Marekani wanaposhauri watu weusi kuhusu nywele wanasema mara moja kwa wiki au hata mara moja kwa wiki mbili, kwa hiyo binti yako hajatunga.

Halafu sabuni ya mche. Mwalimu! Najua mama alikuosha nayo, na mimi wangu aliniosha nayo, ila mama zetu walituosha Jumamosi, siyo kila siku, hilo wewe umeliongeza mwenyewe. Ngozi ina uchachu kidogo, kwenye kile kipimo cha pH iko karibu na 5.5, mche uko kwenye 9 au 10 huko upande wa magadi. Unywele umefunikwa na magamba madogo sana yamelaliana kama makuti kwenye paa, sabuni kali inayanyanyua makuti, unyevu unatoka, na unywele mmoja unakwaruzana na mwenzie, ndo hiyo tap tap unayoisikia.

Na kuna kitu kingine ambacho nadhani hakuna aliyewahi kukwambia. Maji yako ya kisima yana madini, na sabuni ya kawaida ikikutana na maji magumu haitoi povu vizuri, inaganda inakuwa utando mweupe, ule unaouona kwenye beseni la kufulia umezunguka ukingoni. Huo utando unabaki na kichwani. Ukigusa nywele mchana unahisi zinanata, unasema kumbe bado nina uchafu, kesho unaongeza sabuni, utando unaongezeka. Miaka mitatu minne umekuwa ukiosha sabuni ya jana, siyo jasho!

Nikupe hesabu ya mwalimu. Unywele unaota karibu sentimita moja kwa mwezi, wetu wengine hata pungufu. Kama nywele zako zina sentimita 20 basi ile ncha ina miezi 20 na zaidi tangu itoke kichwani. Mara siku 30. Ncha hiyo imeshaoshwa na sabuni ya kufulia mara 600, kanga gani ingevumilia bila kupauka?

Toa chupa kabatini. Shampuu haigandi na maji ya kisima kama sabuni ya mche, ndo tofauti yake kubwa kwako wewe, ila usishangae kama povu ni dogo kuliko anavyokusimulia binti, wao kule Muscat wanaoga maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, wewe unaoga chumvi yenyewe. Ukiweza kinga maji ya mvua ndoo moja ya kusuuzia mwisho, masika yenu Tanga ni ya kutosha. Ukikosa, maji ya bomba siku yakija. Hata hayo ukikosa, kijiko kikubwa cha siki nyeupe kwenye lita moja ya maji, mimina, acha dakika moja, suuza, ule utando unaachia, ila kwa sasa usiimwage pale utosini panapochoma. Na sijasema ndimu, mnapenda sana ndimu watu wa pwani. Ndimu ikibaki kwenye ngozi ukatoka juani inaunguza inaacha alama nyeusi, nimewaona wateja wamekuja na michirizi shingoni.

Siku ya kuosha wewe chagua Alhamisi, Ijumaa utakuwa msafi wa kutosha. Usiku wa Jumatano paka mafuta ya nazi kwenye nywele, siyo kwenye ngozi ya kichwa, kwenye nywele kuanzia katikati mpaka nchani. Ya nazi kwa sababu siyo kila mafuta yanaingia ndani ya unywele, mengi yanakaa juu tu, nazi inaingia, kuna utafiti ulichapishwa 2003 ulilinganisha nazi, alizeti na yale mafuta ya madini yanayotokana na petroli wakakuta ni nazi tu iliyopunguza protini inayopotea nywele zikioshwa. Na nyie huko mnakuna nazi wenyewe mnapika tui mpaka mafuta yanajitenga, mimi huku nanunua kichupa bei ya kuku. Alhamisi gawanya nywele mafungu manne, lowesha, shampuu ipake kwa ncha za vidole kwenye ngozi tu, kucha weka mbali, povu linaloteremka linatosha kusafisha nywele. Suuza. Kondishina sasa kinyume chake, nchani na katikati, ikae dakika tano, na hapo ikiwa bado inateleza ndo uchambue kwa vidole halafu chanuo la meno mapana, unaanzia nchani unapanda kidogokidogo, usianzie shinani ukavuta kama unachomoa muhogo. Suuza, kausha kwa fulana kuukuu, acha wazi mpaka ikauke kabisa. Hii ndo sababu nasema uoshe jioni au siku ambayo huna tuisheni. Mtandio usiguse kichwa kibichi, hata wageni wakibisha hodi wangoje.

Siku zingine je, na jasho la usiku? Jasho ni maji na chumvi, halihitaji sabuni kutoka. Asubuhi chukua kitambaa chenye maji kidogo pitisha shinani, paji la uso, nyuma ya masikio na kisogoni, kaa mbele ya feni dakika kumi, basi. Siku ambayo joto limekuzidi kabisa mwaga maji matupu bila shampuu, ila siku hiyo ukaushe kweli. Na kulala, watasema lalia satini, na ni kweli satini haikwaruzi nywele, lakini mtu wa jasho kama wewe satini inakuwa kama umefunga nailoni, mi ningekwambia chukua kanga zako kuukuu zilizolainika, tatu nne, funga moja kila usiku bila kukaza, ilowe yenyewe, asubuhi unaifua. We osha kanga, kichwa kiache.

Swala. Udhu kichwa kinapakwa maji tu, hakioshwi, unajua kuliko mimi. Na josho linataka maji, hakuna shehe aliyewahi kusema shampuu. Ukiwa na swali zaidi ya hapo muulize yeye, mimi mambo yangu ni kitana.

Ukitaka kunukia kwa mzee, wewe mtu wa Tanga unaniuliza mimi? Nywele zikiwa zimekauka vizuri fukiza udi, mara moja kwa wiki siyo kila siku maana moshi unafanya mvi zinakuwa za njano, na usiku weka kikuba cha asumini kwenye mto wa kulalia. Bibi zetu hawakuosha kila siku na hakuna aliyewakimbia.

Hayo ndo uliyoniuliza. Sasa ngoja nikuseme kwa yale uliyoyapitisha harakaharaka kana kwamba ni madogo.

Piko. Ulichopata siyo bahati mbaya, ni mwili umekataa. Hizi rangi nyeusi nyingi za unga zina kemikali inaitwa PPD, na mwili ukishaikataa mara moja hausahau, mara ya pili unaweza kuvimba zaidi, macho yakafunga, wengine pumzi inabana. Kwa hiyo siyo kwamba upumzike miezi miwili halafu ujaribu kidogo, hapana, umeachana nayo, na hina nyeusi pia umeachana nayo maana ili iwe nyeusi vile wengi wanachanganya dawa hiyohiyo. Hata saluni wakikwambia hii ya kwetu ni ya majani waambie wakuoneshe pakiti. Ukienda hospitali kwa jambo lolote litaje. Kama mvi zinakukera sana ipo hina yenyewe ya majani, inatoa wekundu kwenye mvi, siyo weusi, na inakausha kwa hiyo mafuta ya nazi yaongezeke, na hata hiyo jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio usubiri siku mbili. Au ziache. Nilipoacha mimi miezi sita ya mwanzo nilikuwa natisha, kichwa nusu na nusu kama kanga dume, nilifunga kilemba, zilipomalizika kuota watu wakaanza kuniuliza natumia nini.

Utosi. Hapa sitanii mwalimu. Nywele kukatika nchani ni mambo ya sabuni, lakini uwazi wa utosini unaokua, unaowasha na kuchoma, mimi kama msusi siutibu na usimruhusu msusi yeyote autibu. Kuna ugonjwa unaowapata sana wanawake weusi, unaanzia utosini hapohapo unatanuka kwenda pembeni, vitundu vya nywele vinafunga kovu kimoja baada ya kingine, na kitundu kikishafunga kovu nywele haioti tena hata umwage mafuta gani. Lakini ukiwahiwa unasimamishwa. Sisemi ndo huo ulionao, inaweza kuwa aleji ya hiyo piko, inaweza kuwa fangasi, daktari ndo atakayeona, pengine atachukua kipande kidogo cha ngozi apime, usiogope. Atakupima na damu kama imepungua na tezi la shingoni, maana vyote hivyo vinapunguza nywele kwa watu wa umri wetu. Anzia hapo hospitali ya Bombo, wakiona inafaa watakuandikia rufaa, na Moshi kwa basi siyo safari ya kutisha, pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha mafunzo ya madaktari wa ngozi tangu 1992, hukohuko Moshi ndo wanakotengeneza losheni ya jua ya ndugu zetu wenye ualbino. Na hizo nywele zinazodondoka usizihesabu kwa hofu, hamsini mpaka mia kwa siku kila mtu anadondosha. Mpaka umeonwa, usisuke rasta, usibane kwa kuvuta, usiweke dawa ya kulainisha nywele, pini za mtandio zihame utosini.

Ukiwa hukohuko hospitali mwambie na joto la usiku. Sijui kwa nini tunalificha kama aibu wakati lina matibabu, yapo ya homoni na yapo yasiyo ya homoni, daktari wa akina mama ataangalia presha yako na historia yako aone lipi linakufaa. Kwa sasa chai ya moto na pilipili zile usizile karibu na kulala, wengi wetu zinatuchokoza.

Kikopo cheupe. Hicho ni mkorogo mwalimu, tusikipambe jina. Kitu kinachong'arisha haraka, kinaleta vimishipa, na ukikiacha vipele vinarudi, mara nyingi kina dawa kali za hospitali za jamii ya steroidi, zile za kupaka siku chache kwa cheti, siyo miezi usoni. Vingine vinawekwa haidrokwinoni, vingine zebaki, na zebaki inapita kwenye ngozi inafika mpaka figo, na wajukuu wanaokubusu wanaipata. Vipodozi nchini viko chini ya TBS, lile shirika la viwango, tangu 2019, na kipodozi kisicho na karatasi wala jina la aliyetengeneza hakijapita kwao, hilo halihitaji mtaalamu. Acha. Uso utachafuka wiki kadhaa, utawaka, utatoa vipele, na ndo hapo wengi wanarudi kwenye kikopo wakidhani ngozi inakihitaji. Usirudi. Paka Vaseline ya kawaida isiyo na manukato au losheni nyepesi, kwenye jua toka na mwavuli na mafuta ya kuzuia jua, kikopo kibebe kwenye pochi ukamwoneshe daktari hukohuko. Aliyekuuzia nitakuachia wewe, mko naye kikundi kimoja, ila wenzako wengine waambie.

Miguu ndo rahisi kuliko vyote nimeiacha mwisho. Jiwe ni la kisigino, usilipandishe kwenye muundi. Unaondoa magamba, ngozi inaumia, inatengeneza mengine. Kuna takwimu madaktari wanaitaja sana, kwamba miaka mitano ya mwanzo baada ya hedhi kukoma ngozi ya mwanamke inapoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni, yaani ile inayoishikilia isisinyae, wewe uko katikati ya hiyo miaka mitano na unasugua na jiwe! Oga maji ya uvuguvugu, usikae muda mrefu, sabuni kwapani na sehemu za siri kwa nje na miguuni chini, kwingine maji yanatosha, hujalima. Ukitoka usijifute mpaka ukauke, ndani ya dakika tatu ngozi ikiwa bado ina unyevu paka Vaseline miguuni, inafungia maji yasitoke. Watu wanapaka juu ya ngozi kavu halafu wanasema haifanyi kazi. Ukitaka glisirini ichanganye na maji, usiipake tupu.

Binti usimwambie kuwa alikuwa na haki yote, mpe nusu, nyingine ataiomba mwenyewe.

Na hiyo Alhamisi usiianze wiki hii. Kwanza nenda ukaonwe, na siku ya kwenda usipake mafuta, usipake hina, usibane mtindo wa kufunika uwazi, vaa mtandio wa kufunguka haraka, daktari akione kichwa kama kilivyo. Piga na picha ya utosi kwa simu kabla hujatoka nyumbani, mwanga wa dirishani, mwambie mzee akushikie simu, hiyo ndo kazi yake ya kufidia ile ya nguo mbichi.